Mkono wa Juu wa Trekta: Tupime Kwanza, Ndipo Tuagize

Tangu baadhi ya matawi yetu yaanze kuchanga fedha ili kununua trekta ndogo, barua zinazotufikia zimegeuka. Zamani wanachama walituuliza khabari za miche, na majamvi ya kuanikia, na lini bei ya msimu itatangazwa. Siku hizi wako wanaotuuliza khabari za silinda, na mipira ya mafuta, na valvu. Hatuoni vibaya, bali twafurahi, maana ni dalili kwamba watu wanataka kukifahamu kitu kabla hawajakitolea fedha. Lakini katika barua hizo lipo ombi moja lililorudiwa mara nyingi, nalo ni kwamba Chama kiagize kutoka ng'ambo, kwa pamoja, ule mkono wa juu unaokwenda kwa nguvu ya mafuta, ambao mafundi wauita toplinki ya haidroliki, ili kila trekta ya tawi ifungwe mmoja. Wako wanaotaka uagizwe kesho. Wako na wengine wasemao kuwa ni anasa ya madereva wavivu wa kushuka kitini. Sisi hatukubaliani na hawa wala na hao, na twaomba ukurasa huu tueleze kwa nini.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuinama nyuma ya trekta, tuseme kwanza kitu chenyewe ni nini. Nyuma ya trekta mna mikono mitatu. Miwili ya chini, wa kulia na wa kushoto, ndiyo inayovuta na kuinua. Wa tatu uko katikati, juu ya hiyo miwili, nao ndio unaokishika kichwa cha chombo kisipinduke mbele wala nyuma. Mkono huu wa juu wa kawaida ni bomba la chuma lenye skrubu mbili, moja ya kufungia kulia na moja ya kufungia kushoto. Ukilizungusha bomba upande mmoja mkono hufupika, na chombo huinamia mbele kikauma ardhi; ukilizungusha upande wa pili hurefuka, na chombo hulala nyuma. Basi ndivyo ulivyo tangu zamani, nao haupasuki mpira wala hauvuji mafuta. Ule wa haidroliki ni silinda badala ya bomba: dereva husukuma mpini akiwa kitini pake, mafuta yakaenda, na mkono ukarefuka au ukafupika.

Yafaa pia kujua kwamba mkono huu haukuwekwa pale kwa ajili ya kurekebisha plau tu. Mpango wa mikono mitatu uliletwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1884. Trekta za ujana wake zilivuta plau kwa nyuma, kama gari la ng'ombe, na plau ikikwama katika jiwe au kisiki, trekta haikukubali kusimama. Magurudumu ya nyuma yakashika ardhi, pua ikainuka, na trekta ikampindukia dereva wake. Watu wengi walikufa kifo hicho. Ferguson akaifunga plau na trekta zikawa kitu kimoja, hata plau inapokwama ule mkono wa juu husukuma mbele, na nguvu yake hukandamiza magurudumu ya mbele yasiinuke. Trekta zake za kijivu, TE20, zilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na mpaka zilipokwisha kutengenezwa mwaka 1956 zilikuwa zimepita laki tano. Leo karibu kila trekta ndogo duniani, iwe imetoka India au Japani au Uturuki, inafuata mpango ule ule. Twayasema haya kwa kuwa anayeugusa mkono wa juu anagusa kile kinachoiweka trekta chini kwa magurudumu yake manne, nasi tutarudi kwenye neno hili mbele kidogo.

Sasa tuulize: katika shamba la mikarafuu, mkono wa haidroliki utafanya kazi gani? Hapa ndipo twaona baadhi ya waandishi wetu wamekwenda mbio. Sisi si walimaji wa ngano. Chini ya mikarafuu hatupitishi plau, wala haifai kuipitisha, maana mizizi inayoulisha mti imetandaa karibu na uso wa ardhi, na mwenye kuifukua kwa chuma huudhoofisha mti ambao labda babu yake ndiye aliyeupanda. Kazi za trekta ndogo kwetu ni tatu. Ya kwanza ni kufyeka majani na vichaka katikati ya mistari kwa mashine ya kukatia. Ya pili ni kuvuta tela, kwa magunia ya karafuu mbichi, na makonyo, na mbolea, na maji. Ya tatu ni kutengeneza njia za shamba kwa bapa la kuparia, na mifereji ya kuyaongoza maji ya masika yasichukue udongo.

Katika kazi ya kwanza mkono wa haidroliki hauna msaada wa maana. Mashine ya kukatia hupimwa mara moja, ikafungwa, na ikakata kutwa nzima. Tena nyingi katika mashine hizo zimewekewa kiungo kinachocheza pale unapofungwa mkono wa juu, ili mashine ifuate mabonde na vilima yenyewe. Kuna na khatari juu yake: dereva akiurefusha mkono kupita kiasi huku mashine inazunguka, ile shafti inayoipa mashine nguvu yaweza kuchomoka, akiufupisha kupita kiasi, yaweza kubana mwisho mpaka ikavunja fani. Katika kazi ya pili ndiyo kabisa, tela haitumii mkono wa juu.

Ni kazi ya tatu tu inayotupa sababu. Mwenye kupara njia ya mteremko kwa bapa anajua kwamba hatua kumi za kwanza zataka bapa liume, kumi zinazofuata lilale na kusawazisha, na kwenye kona liinuliwe lisichimbe shimo. Kwa mkono wa skrubu, kila badiliko ni kushuka, kuzungusha, kupanda tena. Wale wasemao kuwa ni uvivu wa madereva twawaomba waende Pemba, katika njia yoyote inayoshuka kutoka kilimani kwenda bondeni baada ya mvua, wamtazame dereva akishuka trekta yenye moto mara thelathini kabla ya adhuhuri, breki ya mkono ikiwa ndiyo mlinzi wake wa pekee, na udongo ukiwa unateleza kama sabuni. Mtu huyo hashuki kwa raha. Baada ya mara chache huchoka, akaacha kurekebisha, akapara njia vivi hivi; na njia iliyoparwa vibaya, masika moja tu yatosha kuigeuza mfereji, na udongo wa juu wa shamba la jirani ukenda baharini. Kwa trekta ya tawi lililojitolea kutengeneza njia, basi, twakubali: mkono wa haidroliki si anasa. Kwa trekta ya kufyekea na kuvutia tela, ni kitu cha kupendeza macho tu. Kipya kinyemi, lakini fedha za tawi hazikuchangwa kwa unyemi.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba usiagizwe kwa kila trekta, bali kwa zile zenye bapa. Na kwa hizo, kabla ya kuagizwa, mambo kadhaa yatazamwe, ambayo katika barua tulizozisoma hayakutajwa hata moja. Barua zote zataja bei ya silinda.

Silinda peke yake si kitu. Haina nguvu mpaka ipate mafuta kwa njia mbili, moja ya kusukuma na moja ya kurudisha, na kila moja iwe na mpira wake. Trekta nyingi ndogo, khasa zilizonunuliwa zimekwisha kutumika, zina tundu moja tu la mafuta nyuma, lililowekwa kwa ajili ya kuinua tela la kumwaga, nalo husukuma tu. Tela hurudi chini kwa uzito wake. Mkono wa juu hauwezi kufanya kazi kwa tundu moja, maana mara husukumwa na chombo na mara huvutwa nacho, nao lazima ushike pande zote mbili. Kwa hiyo mwenye trekta ya tundu moja atahitaji valvu mpya ya njia mbili, na mabomba yake, na fundi wa kuifunga. Na aghalabu jumla ya vitu hivyo hupita bei ya silinda yenyewe. Tena valvu hiyo isifungwe na mtu wa kubahatisha. Katika trekta ndogo nyingi mafuta huzunguka mfululizo kutoka pampu mpaka kwenye lifti na kurudi, na valvu ikiwekwa katikati lazima iyaache yaendelee na safari yake. La sivyo lifti itakosa mafuta, au pampu itasukuma ukuta mpaka ife.

Jambo la pili ndilo ambalo twaliona kubwa kuliko yote, nalo ni kufuli. Valvu ya trekta haizuii mafuta kabisa. Hupitisha kidogo kidogo, kama mtungi wenye ufa usioonekana. Bapa zito likininginia, mkono hurefuka polepole bila ya dereva kujua, na njia iliyoanzwa sawa huisha upande. Dawa yake ni valvu ya kufuli ya pande mbili, ambayo huyafungia mafuta ndani ya silinda mpaka dereva asukume mpini. Nayo iwe imefungwa juu ya silinda yenyewe, si mwisho wa mpira. Tofauti hii ni kubwa. Ikiwa kwenye silinda, hata mpira ukipasuka chombo hukaa pale pale kilipo. Ikiwa mbali, mpira ukipasuka chombo huanguka, na Mungu ajaalie asiwepo mtoto nyuma yake. Silinda isiyo na kufuli tusiipokee hata kwa zawadi. Na ikija, ijaribiwe mbele ya fundi wa tawi: funga bapa, liinue, zima injini, pima kwa rula urefu wa rodi iliyo nje, nenda kanywe kahawa, urudi baada ya saa moja upime tena. Ikiwa imetembea, irudishwe ilikotoka.

Kwa kuwa kufuli hufungia mafuta ndani, bapa likigonga jiwe nguvu yote ya pigo hubaki katika silinda, nayo hupita nguvu ya kawaida ya pampu. Basi silinda iwe imeandikwa uwezo unaozidi ule wa trekta, na kwa zidio la kutosha. Trekta ndogo nyingi hufanya kazi karibu na bar 150. Kwa nguvu hiyo, silinda yenye upana wa ndani wa milimita 50 husukuma kwa kiasi cha kilo 3,000, na ikiwa rodi yake ni ya milimita 25 huvuta kwa kiasi cha kilo 2,250, kwa sababu rodi yenyewe huchukua nafasi upande ule. Ile ya milimita 63 husukuma karibu kilo 4,770. Kwa trekta ya farasi 25 au 30 yenye bapa, milimita 50 zatosha kabisa, na anayemshauri mwanachama anunue ya 63 kwa kuwa ni nene na yapendeza, anamuuzia chuma asichokihitaji. Kuna ubaya mwingine wa nguvu nyingi: mahali panapofungwa mkono kwenye trekta ndogo si pana, na silinda kubwa yaweza kukivunja kile ilichofungiwa.

Urefu ndio uliowaponza wengi. Mwanachama mmoja wa Pemba alituonyesha silinda aliyoiagiza kutoka duka moja la ng'ambo, ambalo lilimwandikia kwamba yaingia katika trekta yote ya daraja la kwanza. Pini zake ziliingia, ni kweli. Lakini silinda hiyo, hata rodi ikiwa imeingia yote ndani, ilikuwa ndefu kuliko urefu anaouhitaji bapa lake linapofanya kazi, hata bapa likawa siku zote limelala chali. Sasa inashikilia mlango wa banda la kuku. Tatizo hili ni la silinda zote: ikiwa rodi yapaswa kutoka sentimita 20, basi silinda hapana budi iwe na zaidi ya sentimita 20 za kuificha, na macho ya pini mwisho wake, na kitako chake. Silinda ya namna hiyo yaweza kuwa sentimita 48 ikifungwa na 68 ikifunguliwa. Bapa likitaka mkono wa sentimita 46, huna la kufanya.

Kwa hiyo kipimo kichukuliwe hivi. Funga chombo, weka trekta mahali pa sawa, na kwa kutumia mkono wa zamani wa skrubu, tafuta urefu mfupi kabisa ambao kwa kweli unautumia, na mrefu kabisa unaoutumia. Pima kutoka katikati ya tundu la pini moja hata katikati ya tundu la pini ya pili. Usipime kutoka ncha hata ncha. Kisha tafuta silinda ambayo ikifungwa ni fupi kidogo kuliko ule urefu mfupi, na ikifunguliwa ni ndefu kidogo kuliko ule mrefu. Rodi ifanye kazi zake katikati, isikae kila siku mwisho wa safari yake. Wenye vyombo viwili wavipime vyote viwili.

Pini si jambo la kutuweka. Daraja la kwanza pini ya juu ni milimita 19, daraja la pili ni 25, na trekta zetu ndogo karibu zote ni za daraja la kwanza. Tundu likiwa kubwa kuliko pini, hutiwa bushi.

Mwendo wa silinda, hilo latuweka kidogo, kwa kuwa wauzaji hawalisemi. Silinda ya milimita 50 yenye safari ya sentimita 20 haijai hata nusu lita ya mafuta. Ni kama robo tatu ya nusu lita. Pampu inayotoa lita 20 kwa dakika huijaza kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Maana yake ni kwamba dereva akigusa tu mpini, bapa hupiga teke. Hawezi kulirekebisha kwa vidole viwili, atakwenda mbele mno, kisha nyuma mno, mpaka akate tamaa na kusema kwamba kitu chenyewe kibovu. Dawa ni ndogo na rakhisi: tundu jembamba la kupunguzia mafuta, lifungwe katika njia zote mbili. Ombeni lije pamoja na silinda.

Na skrubu za mipira: zisichanganywe. Za Kiingereza na za Kimarekani za nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo huingiana, na fundi huridhika. Lakini pembe za meno yake si sawa, moja ni digrii 55 na nyingine 60, na siku utakapotia nguvu huvuja. Hapo watu hufanya jambo la khatari, hupitisha kidole kutafuta panapovuja. Mafuta yanayotoka katika tundu dogo kama la sindano, kwa nguvu ya bar 150, huingia chini ya ngozi. Kidonda huonekana kama kichomo cha mwiba, mtu akarudi kazini, na jioni mkono umevimba. Anayepatwa na hilo aende hospitali saa ile ile, hata kama haumwi, na aeleze wazi kuwa ni mafuta ya mashine yaliyoingia. Hiyo ni kazi ya daktari wa kupasua, na kila saa inayopita humpunguzia bahati ya kubaki na kidole chake. Panapovuja patafutwe kwa kipande cha boksi.

Sasa turudi kwenye neno tuliloliacha. Tumeona kwa macho yetu, na si mahali pamoja, trekta ndogo ikivuta gogo la mkarafuu uliokufa, au ikijaribu kung'oa kisiki, na mnyororo umefungwa juu, pale pale penye pini ya mkono wa juu. Wafungao hivyo husema kwamba wakifunga juu gogo huinuka kidogo na kuteleza vizuri. Ni kweli kwamba gogo huinuka. Lakini gogo likikwama, trekta ndiyo inayoinuka. Na tofauti na plau ya Ferguson, hapa hakuna mkono unaosukuma mbele, kuna mnyororo unaovuta nyuma, juu ya ekseli. Pua ya trekta huondoka chini, na kutoka hapo mpaka imgeukie dereva ni muda usiofika wa kusema shahada. Hakuna dereva hodari katika jambo hili, kwa sababu hakuna wakati wa kuonyesha uhodari.

Khofu yetu ni kwamba mkono wa haidroliki utaongeza kishawishi. Ukishakuwa na silinda inayovuta kilo elfu mbili na zaidi, yupo atakayesema: kwa nini nisiifunge mnyororo ikaning'olea kisiki? Twamjibu mapema. Silinda ya mkono wa juu haikutengenezwa kwa kuvuta upande, rodi yake hupinda, na mahali pale pa juu ni mahali pa kifo. Mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia, kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Kisiki kisichotoka kwa kufungwa chini, kiachwe kwa shoka na jembe, au kioze.

Maadam tumo katika khabari ya kupinduka, tutaje na ile fremu ya chuma iliyo juu ya dereva. Sweden iliifanya kuwa lazima kwa trekta mpya mwaka 1959, na nchi nyingine zikafuata, na vifo vya kupindukiwa vikapungua sana. Trekta ndogo za leo huja na fremu inayokunjika, na kwetu sisi, kwa kuwa matawi ya mikarafuu yako chini, madereva huikunja siku ya kwanza na kuisahau. Chini ya miti mnaweza kuwa na udhuru. Njiani, kwenye mteremko, mkiwa na bapa au tela, hakuna udhuru: fremu isimame na mkanda ufungwe. Na mkanda usifungwe wakati fremu imekunjwa. Twaona kuwa tawi linalotaka Chama kiliagizie mkono wa haidroliki lionyeshe kwanza kwamba trekta yake ina fremu iliyosimama. Kama haina, fedha ziende huko kwanza. Najua wako watakaosema tunachanganya mambo, lakini sisi twaona mteremko ni ule ule mmoja, na dereva ni yule yule mmoja.

Wako wanachama waliotuandikia kwamba mafundi wetu waweza kuitengeneza silinda hapa hapa, tusipeleke fedha nje. Twawaheshimu mafundi wetu, na mipira waweza kuikata na kuifunga, na sili waweza kuzibadili. Silinda ni jambo jingine. Bomba lake la ndani huwa halina mshono, nalo limesuguliwa hata linang'aa kama kioo. La maji, lenye mshono, likichomelewa vipande mbele na nyuma, litapasuka. Silinda kuukuu ya lori la kumwaga mchanga nayo haifai, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja: nyingi husukuma tu, hazivuti.

Basi iagizwe, lakini iagizwe kwa akili. Rai yetu ni kwamba matrekta yote ya matawi yafuate upana mmoja, milimita 50, na rodi ya kipimo kimoja, ingawa urefu utatofautiana. Hivyo sili zitakuwa za namna moja, na tawi la Mkoani laweza kuazima kwa tawi la Wete badala ya trekta kulala wiki tatu ikingoja boti. Milimita 50 na 63 ni vipimo vinavyotumika duniani kote, na sili zake hupatikana Dar es Salaam na Mombasa bila shida. Ukikubali silinda ya inchi kutoka Marekani kwa kuwa imeshuka bei, umejifunga kwa muuzaji mmoja. Sili za akiba, seti mbili kwa kila silinda, zije katika sanduku lile lile. Na ule mkono wa zamani wa skrubu usiuzwe. Ukae katika sanduku la vyombo, umepakwa grisi, maana siku silinda itakapogoma katikati ya kazi, huo ndio utakaoirudisha trekta kazini.

Tena tusisahau tunakaa wapi. Rodi ya silinda imepakwa kromu, na hewa ya chumvi ikiipata imetoka nje usiku kucha, juma baada ya juma, hufanya vidoa vya kutu; kila kidoa ni kisu kidogo kinachoikata sili kila rodi inapoingia. Dereva akimaliza kazi aushushe mkono mpaka rodi iingie yote ndani, apanguse vumbi, avike viungio vya mipira kofia zake. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, yabadilishwe yote. Bapa nalo lishushwe chini kabisa kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono nyuma ya trekta, kufuli liwepo au lisiwepo.

Matawi yanayotaka kuingia katika maagizo ya pamoja yawaletee waandishi wa matawi karatasi moja tu, yenye mambo haya: namna ya trekta na nguvu zake; urefu mfupi na mrefu wa mkono wa juu, kwa sentimita, katikati ya tundu hata katikati ya tundu; upana wa pini; matundu ya mafuta nyuma ni mangapi; bapa lipo au halipo; na fremu imesimama au imekunjwa. Karatasi iwe na sahihi ya aliyepima, naye awe amepima trekta yenyewe, si kitabu chake.